Taa ya Epictetus na ovaloki yangu

Mkuu, umeuliza kama falsafa ya Wastoa, wale wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, si kumfanya mtu awe na moyo wa jiwe tu, na kama kuna yeyote humu imemsaidia kwa jambo la kweli. Mimi imenisaidia, tena siku moja ninayoikumbuka vizuri.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka juzi nilifika fremuni asubuhi nikakuta kufuli limekatwa, ovaloki, mashine yangu ya kumalizia kingo za nguo, haipo, na vitenge vya wateja vimebebwa. Ovaloki ile niliinunua kwa pesa ya upatu, miezi na miezi ya kujinyima. Mawazo yalikimbilia kwa kijana niliyekuwa namfundisha kazi. Jana yake ndiye aliyefunga, na asubuhi ile alichelewa. Sikuwa na ushahidi mwingine.

Siku hizo nilikuwa nasoma maneno ya Epictetus, Mstoa wa enzi za Warumi, kwenye simu kabla ya kulala. Alikuwa mtu wa Hierapolis, sehemu ambayo leo ni Pamukkale, Uturuki, na alikulia utumwani. Hata jina lake kwa Kigiriki maana yake ni "aliyepatikana", kama vile mali. Bwana wake kule Roma, Epaphroditus, alikuwa katibu wa Kaisari Nero. Epictetus mwenyewe alikuwa kiwete. Baadaye akaachwa huru, na Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa Italia, akahamia Nicopolis, Ugiriki, akafungua shule. Hakuandika kitabu, mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyetuhifadhia masomo yake.

Katika masomo hayo anasimulia kwamba alikuwa na taa ya chuma nyumbani. Usiku akasikia kishindo dirishani, akashuka mbio, taa imeshaibwa. Akajiambia kesho atapata ya udongo, kwani mtu hupoteza kile alicho nacho. Halafu anamtazama mwizi: kwa ajili ya taa, amekubali kuwa mwizi. Amenunua taa kwa bei kubwa mno.

Hapo ndipo niliposhikwa. Epictetus anagawa mambo mafungu mawili. Mali, mwili, cheo na sifa haviko mikononi mwetu. Maamuzi yetu, tunachokitaka na tunachokikataa, viko. Wizi ulikuwa umeshatokea, sikuwa na la kufanya. Lakini kumpeleka mtoto wa watu kituoni kwa dhana tu, hilo lilikuwa langu mimi. Ningemwita mwizi asiyeiba, mimi ndiye ningelipa bei ile.

Kuhusu moyo wa jiwe: nililia, na wateja niliwalipa kwa shida miezi minne. Yapo pia ya Epictetus yanayonishinda. Anaposema ukimbusu mwanao ujikumbushe kuwa ni wa kufa, mimi siwezi. Lakini huyohuyo, anatuambia Simplicius, mwanafalsafa aliyeishi karne nyingi baadaye, uzeeni alimchukua mtoto ambaye rafiki yake alikuwa karibu kumtupa kwa umaskini, akamlea. Jiwe halilei mtoto.

Ukitaka kuanza, anza na Enchiridion, kile kitabu kidogo cha mafundisho yake alichokikusanya Arrian. Kina vifungu 53, vingine mistari michache tu. Soma kimoja kwa siku.

Ovaloki sikuipata, na mwizi simjui mpaka leo. Yule kijana sasa ana cherehani chake mtaa wa pili, na nguo za harusi zikinizidi ndiye ninayempa. Hajui kwamba asubuhi ile nilikuwa nimeshatoka nje kuelekea polisi.