Januari Ina Watoto Wengi Mno: kwa wanaoanza utafiti wa picha za taya

Juzi nimekaa tena kusikiliza prapozo za wanafunzi wapya, na tena mmoja kasimama mbele na slaidi inayosema: "Umri utachukuliwa kutoka kwenye faili la mgonjwa." Basi, kapita, slaidi inayofuata. Nikamwangalia msimamizi wake. Msimamizi anachezea simu. Kila mwaka nayasema maneno haya koridoni na kila mwaka yanaingia sikio hili yanatokea lile, kwa hiyo safari hii nayaandika, mtu asije akaniambia hakuambiwa.

Nawaandikia nyinyi mnaokadiria umri wa watoto kwa OPG, yaani eksirei moja inayoonyesha taya zote na meno yote, hapa Mwanza na kanda nzima ya ziwa. Njia ya Demirjian ya kusoma umri kwenye meno siwafundishi. Makala ile ya 1973 mmeikariri: meno saba ya taya la chini kushoto, hatua za ukuaji wa jino A mpaka H, alama za wavulana kivyake na za wasichana kivyake, jumla inapelekwa kwenye jedwali, jedwali linatoa umri wa meno. Mnajua pia kwamba watoto wake walikuwa Wakanada wenye asili ya Kifaransa, na ndiyo maana kila mmoja wenu anaandika kwamba anataka kuona kama jedwali linawafaa watoto wetu. Swali zuri. Tatizo ni mnavyoharakia kulijibu.

1. Tarehe ya kuzaliwa ndiyo utafiti wenyewe. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Nilipokuwa kwenye hatua mliyopo, nilikusanya OPG za watoto kutoka kwenye kumbukumbu za hospitali moja ambayo naiacha bila jina. Nilikuwa makini kuliko wengi wenu, na nasema hivyo bila haya. Hatua nilizisoma mara mbili, mwenzangu naye akazisoma, kapa, yaani kipimo cha jinsi wasomaji wanavyokubaliana, ikatoka nzuri ya kujivunia. Umri halisi nikaupata kwa hesabu ya darasa la tano: tarehe ya picha, toa tarehe ya kuzaliwa. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa pale pale kwenye mfumo, siku, mwezi na mwaka, imejaa kila mstari. Sikukuta hata nafasi moja iliyo wazi. Hilo peke yake lilitakiwa kunishtua. Nyinyi mmewahi kuona rekodi za hospitali ambazo hazina nafasi hata moja iliyo wazi?

Matokeo yakaja: meno ya watoto wetu yanachelewa. Wavulana yanachelewa, wasichana yanachelewa. Sehemu nyingi duniani jedwali lile huwapa watoto umri mkubwa kuliko walio nao, yaani meno yanaonekana kutangulia, na mimi wa Mwanza nimepata kinyume. Nikafurahi. Mtu mzima angesita. Mimi nikafungua sehemu ya mjadala nikaanza kuandika. Nikaandika malaria. Nikaandika utapiamlo, nikaandika minyoo. Kichocho nikakipa aya nzima, maana tuko kwenye ziwa lake, na ile aya niliipenda mpaka nikamsomea mwenzangu tukiwa tunakula sato pale Mwaloni. Alisema ni nzuri. Alikuwa anatoa miba, sidhani kama alisikia.

Muhtasari ukakubaliwa kwenye kongamano. Nikasimama, nikaeleza. Mzee mmoja akauliza swali moja tu: umri wa watoto mmeujuaje? Nikajibu kwa sauti ya kujiamini, "Kutoka kwenye rekodi za hospitali." Akashukuru, akakaa. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananihurumia.

Aliyenifungua macho hakuwa mwanasayansi. Nilikuwa nimekwenda masjala kufuatilia faili lililopotea, nikaweka orodha yangu mezani kwa mama anayetunza kumbukumbu. Akaisoma kwa kidole, akasema, "Daktari, hawa wako wa mosi ni wengi."

"Wa mosi wapi?"

"Mosi Januari. Hawa ni wale wasiojua. Mzazi amekuja hana kadi, anakutajia mwaka tu. Kompyuta haikubali uache wazi. Tunamwekea moja moja."

Alisema kama mtu anayekuelekeza choo kilipo. Wao walikuwa wanajua siku zote. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Nikarudi nikachora grafu ya miezi ya kuzaliwa, kazi ya dakika tano ambayo sikuwahi kuifanya. Miezi kumi na moja ilikuwa kimo kimoja, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Januari ilikuwa imeitoka yote. Sasa pigeni hesabu. Mtoto aliyezaliwa Agosti, akaandikwa tarehe 1 Januari ya mwaka ule ule, amezeeshwa miezi saba kwenye karatasi. Wa Machi amezeeshwa miwili, wa Desemba kumi na mmoja. Kama mwaka ni sahihi, hakuna hata mmoja anayefanywa mdogo, kwa sababu hakuna siku ya mwaka inayotangulia 1 Januari. Makosa yote yanasukuma upande mmoja, na kwa wastani ni kama nusu mwaka. Kwa hiyo kuongeza sampuli hakusaidii kitu. Kunakupa jibu lile lile la uongo, ila kwa uhakika zaidi. Meno ya watoto wale yalikuwa kwenye wakati wake. Kilichokuwa kimekimbia ni umri.

Nilipowatoa wale wa mosi Januari na kubaki na wenye kadi, ucheleweshaji ukayeyuka. Kilichobaki ni kile kile wanachokipata wengine: meno yanatangulia kidogo. Kichocho hakikuwa na hatia yoyote.

Kumwandikia mhariri kuomba kuondoa makala niliyokuwa nimempelekea si kitu. Kazi ilikuwa kumwambia msimamizi. Nilizunguka mlango wake asubuhi nzima nikijifanya nasoma ubao wa matangazo. Nilipomweleza hakufoka, na ningependa angefoka. Alisema tu, "Na mimi nilisaini." Halafu akaniuliza swali ambalo lilininyima usingizi: kuna mtu ameshaomba yale matokeo ayatumie?

Maana haya si mambo ya kabatini. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na kesi za jinai zina mstari mwingine unaohusu walio chini ya 12. Meno saba ya Demirjian yanakomea karibu na miaka 16, baada ya hapo mnahamia gego la mwisho, lakini kwa mtoto wa miaka 11 na ushee ndiyo yanafanya kazi. Kama mtu angechukua matokeo yangu akasema, "Watoto wa kanda hii meno yanachelewa, tuwaongezee nusu mwaka," kuna mtoto angevushwa mstari kwa sababu kompyuta ya mapokezi haikubali nafasi wazi.

Basi fanyeni hivi. Kwenye Excel yenu ongezeni safu ya chanzo cha tarehe: cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa serikali wa usajili), tangazo la kuzaliwa, kadi ya kliniki, kumbukumbu ya mzazi, haijulikani. Chora grafu ya miezi kabla ya kugusa jino lolote. Angalieni na 1 Julai, wapo wanaopenda kuweka katikati. Na nendeni masjala mkasalimie, mkae, muulize. Msiende na barua ya kibali mmeinyoosha mbele kama polisi.

Anayesema tarehe haijui, mnaweza kumsaidia kwa matukio. Alizaliwa kabla ya kivuko cha MV Nyerere kuzama au baada? Hiyo ni 20 Septemba 2018, na mtu wa Ukara au Ukerewe hakosei hapo, ila ulizeni kwa adabu, hamjui nani alimpoteza nani. Kabla ya msiba wa Magufuli, Machi 2021, au baada? Pamba ilikuwa inapandwa au inauzwa? Lakini msijidanganye kwamba mmepata tarehe, mmepata msimu. Mama mmoja wa Kirumba aliniambia mwanawe alizaliwa wakati wa giza, dagaa wakivuliwa. Nikaandika haraka haraka. Nilipofika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba giza la mwezi lipo kila mwezi. Na anayeitwa Mabula, jina la Kisukuma la mtoto wa mvua, si lazima awe alizaliwa mvua ikinyesha. Wengine wamepewa jina la babu. Watoto wa namna hii wana nafasi kwenye tafiti nyingine. Kwenye kulipima jedwali, waacheni.

2. Anayesoma hatua asijue umri. Jina la faili lenye mwaka wa kuzaliwa ndani yake ni umri, hata kama safu ya umri umeificha.

3. Fanyeni kazi na DICOM, yaani faili halisi la picha kama lilivyotoka kwenye mashine. Najua mtanijibu kwamba Demirjian hahitaji rula, analinganisha taji na mzizi wa jino lile lile, kwa hiyo ukuzaji wa mashine haumsumbui. Kweli kabisa, na ni sababu mojawapo ya kumpenda. Ila tofauti ya G na H ni kama ncha ya mzizi imefunga, na ncha ya mzizi kwenye picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye skrini, ikatumwa WhatsApp, ikapakuliwa, ikabandikwa Word, hapana. Pale hata mtoto wa miaka minane anaonekana amefunga. Na ikigeuzwa kushoto kulia njiani, hamtajua.

4. Mkao. Kidevu kikiinamishwa mno, taya linacheka kupita kiasi na ncha za kato za chini zinatoka kwenye eneo la mashine, zinakuwa ukungu. Msikadirie ukungu. Andikeni haisomeki. Ulimi usiponata kwenye kaakaa, kuna mkanda mweusi juu ya mizizi ya juu, lakini sisi tuko chini, hautuhusu sana. Hereni isiyovuliwa itawaletea kivuli upande wa pili, juu zaidi, na kuna mwanafunzi alikiita uvimbe mbele ya watu. Jina lake nalihifadhi; sasa ni daktari mzuri. Mtaalamu wa mionzi akiwaambia picha ni mbaya, msikilizeni. Anasimama pale siku nzima, nyinyi mnakuja Alhamisi.

5. Chonge. Mkiona mtoto hana chonge ya chini, au chonge ipo lakini imeumbika vibaya, msikimbilie kuandika kwamba ameumbwa bila jino. Ulizeni kuhusu meno ya plastiki. Mnajua habari yenyewe: mtoto mchanga anaharisha, ana homa, anapelekwa kwa mtu anayempasua fizi na kung'oa chipukizi la chonge, eti ndilo linalomuua. Chipukizi la jino la ukubwani liko jirani pale na linaumizwa. Chonge ni mojawapo ya meno yenu saba. Mnaweza kuazima la upande wa kulia, lakini haya hutolewa pande zote mbili, kwa hiyo mtoto huyo mara nyingi hafai kwa kazi hii. Na mama yake msimgombeze. Alikuwa na mtoto anayekufa mikononi na mtu mmoja tu jirani aliyesema anajua dawa.

6. Picha ina upande wa kulia pia. Mwaka juzi nilikaa nyuma ya kijana mmoja anayesoma hatua kwa kasi ya kupendeza: F, F, E, G, picha nyingine. Nikamwambia rudi. Akarudi, akasoma tena upande wa kushoto, majibu yale yale. Nikamwambia hamia kulia. Magego yalikuwa yamesogea, yanaelea, na ule mstari mweupe unaozunguka tundu la jino haupo. Mtoto wa miaka sita, wa huku kwetu kwenye malaria. Denis Burkitt, daktari ambaye saratani hii ya taya inaitwa kwa jina lake, aliwaeleza watoto wa aina hii mwaka 1958, akiwa ng'ambo tu ya ziwa, Uganda. Mmesoma jina lake tangu mwaka wa kwanza. Kijana alibadilika rangi. Tukafungua faili pamoja, tukakuta mtoto alishachukuliwa kipande, akapimwa, akaanza dawa zamani. Tulipumua. Lakini kwenye sampuli yake alikuwa anahesabika kama mtoto mwenye afya, na meno yaliyosukumwa na uvimbe yasingemwambia umri wowote. Tangu siku ile kijana anaanza kulia ndipo anakwenda kushoto.

7. Mkisita kati ya hatua mbili, chukueni ya chini; ndivyo njia inavyotaka. Msisome usiku mkiwa mmetoka kwenye zamu.

8. Msimpige mtoto OPG kwa sababu sampuli haijatimia. Najua dozi ni ndogo, najua mnaweza kunitajia ALARA, ile kanuni ya kupunguza mionzi kadiri inavyowezekana, usingizini. Picha inapigwa kwa ajili ya mtoto, nyinyi mnaikuta baadaye. Kamati ya maadili itawauliza hilo, na mkijibu kwa kubabaika watawarudisha mkaandike upya.

Na kwa kuwa mtakuwa mnaingia chumba cha mashine: beji ya kupima mionzi inavaliwa mwilini. Kuna mmoja wenu ameitundika na koti kwenye msumari nyuma ya mlango, ndani ya chumba, na koti limekaa pale tangu mwezi uliopita. Majibu yatakaporudi kutoka TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki, yataonyesha kwamba umelala na mashine, na barua ya kujieleza itakuja kwa jina lako. Koti ni la saizi ndogo, kuna kalamu ya kijani mfukoni. Njoo ulichukue leo.