Picha za wadudu kwa karibu: cha kumaliza shambani na cha kuachia kompyuta

Ukiona picha ya nzi ambayo vijicho vyake vinahesabika, usiulize kwanza imehaririwa kwa programu gani. Uliza mwanga ulitoka wapi. Programu itapunguza chenga (vidoadoa vinavyochafua picha), itasawazisha rangi na kufuta kijiti kilichokaa vibaya, ila jicho lililokosa fokasi litabaki hivyo hivyo hata ukivuta kitelezi cha ukali hadi mwisho.

Lenzi halisi ya makro hufikia uwiano wa 1:1, yaani mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 juu ya sensa, kile kibapa ndani ya kamera kinachopokea picha. Kwenye sensa yenye upana wa milimita 36 huyo hajafika hata theluthi ya picha, kwa hiyo usishangae sisimizi akionekana kama punje. Kwa kuanzia, chukua lenzi ya milimita 90 hadi 105. Ya milimita 60 ni nyepesi, lakini inakulazimisha kusogea karibu mno, na kereng'ende hana subira hiyo. Huna lenzi ya makro? Weka ringi za kurefusha kati ya kamera na lenzi ya kawaida. Gawanya urefu wa ringi kwa urefu wa fokasi wa lenzi, utapata ukuzaji unaoongezeka: ringi za milimita 36 kwenye lenzi ya milimita 50 zinaongeza 0.72. Hazina kioo ndani. Kinachopotea ni mwanga, pamoja na uwezo wa kufokasi mbali. Chagua zenye miguso ya umeme, la sivyo hutaweza kubadili tundu la lenzi, uwazi unaopitisha mwanga, kutoka kwenye kamera.

Balaa lenyewe ni kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linalotoka kali kutoka mbele hadi nyuma. Ukiwa 1:1 kwenye sensa hiyo kubwa, f/2.8 (tundu likiwa wazi sana; namba ikikua, tundu linazidi kufungwa) inakupa theluthi moja tu ya milimita iliyo kali. F/11 inakupa kama milimita 1.3. Hapo wengi hujiambia, basi nifunge hadi f/22, na picha nzima inatoka laini kama imepakwa mafuta. Mwanga ukipenya kwenye tundu dogo hutawanyika, na kwenye 1:1 namba ya tundu hufanya kazi kama imezidishwa mara mbili: f/11 ni f/22, f/22 ni f/44. (Kamera za Nikon zikifungwa lenzi zao za makro huonyesha namba hii halisi, ndiyo maana f/2.8 hutoweka ukisogea karibu. Si kila kamera inakwambia.) Baki kati ya f/8 na f/11. Kina kinachokosekana kitafute kwa pembe: sensa iwe sambamba na ubavu wa mdudu, na kichwa, kifua na tumbo vyote vitaingia kwenye fokasi kwa risasi moja. Ukimpiga uso kwa uso, hakikisha angalau macho ni makali.

F/11 inapitisha mwanga kidogo, kwa hiyo ukishika kamera mkononi inadai flashi. Anza na kasi ya shata (pazia la kamera) ya sekunde 1/200, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 200, flashi ukiipangia nguvu mwenyewe (manual) kwenye 1/16 ya nguvu yake, kisha rekebisha nguvu hiyo tu. Kwa nguvu ndogo mwako wake ni mfupi kuliko shata yenyewe, na huo ndio unaogandisha mtikisiko wa mkono. Ukizidisha kasi ya shata kupita kikomo cha flashi, kwa kawaida 1/200 au 1/250, utapata utepe mweusi upande mmoja wa picha.

Flashi tupu, hata hivyo, huharibu picha nyingi kuliko kukosa fokasi. Mgongo wa mbawakawa ni kioo: utaakisi umbo la chanzo cha mwanga. Kata kipande cha plastiki nyeupe laini au sponji jembamba la kufungashia, kama sentimita 20 kwa 25, ukikunje kiwe paa kutoka kwenye flashi hadi ncha ya lenzi, sentimita chache tu juu ya mdudu. Ukiona doa kali katikati ya paa, ongeza tabaka la pili na uache nafasi ya hewa kati yake na la kwanza. Mandharinyuma yakiwa meusi, sababu ni kwamba mwanga wa flashi hufifia haraka kwa umbali. Tafuta mdudu mwenye jani nyuma yake, au panda hadi ISO 400 au 800 ili mwanga wa mchana usaidie.

Zima fokasi ya kujiendesha. Weka ukuzaji unaoutaka, kisha usogeze mwili mbele taratibu na ubonyeze jicho linapokuwa kali. Mdudu akiwa kwenye bua, lishike kwa mkono wa kushoto na uegemeze lenzi juu ya mkono huo huo: vikiyumba, vinayumba pamoja. Nenda alfajiri, kabla jua halijawapasha moto, na kivuli chako kisimwangukie. Wanaowatia wadudu kwenye friji ili watulie wanawaumiza, na picha zenyewe hutoka na mikao ya ajabu.

Kupandanisha picha kadhaa, yaani kuziunganisha kuwa moja, ndiko kunakoongeza kina bila kufunga tundu. Kwenye f/8 una takriban milimita 1. Sogea milimita 0.6 kati ya picha na picha ili zipishane, na kichwa chenye kina cha milimita 4 kitamalizika kwa picha 7 au 8. Flashi iwe 1/32 iwahi kujichaji. Picha iliyotoka na giza itoe kabla ya kuunganisha, kwa sababu itaacha mabaka. Katika Zerene Stacker, programu ya kupandanisha picha yenye njia mbili za kuunganisha, njia ya PMax hushika vizuri vinyweleo na miguu inayopishana, lakini huongeza chenga na kubadili rangi kidogo. Njia ya DMap hutunza rangi, ila huacha ukungu kandokando ya papasi, zile pembe nyembamba za kichwani. Mimi huunganisha kwa DMap, kisha napaka juu yake vinyweleo kutoka kwenye tokeo la PMax.

Piga RAW, faili ghafi ambayo kamera haijaichakata. Sawazisha rangi na ushushe sehemu zinazong'aa kabla ya kupandanisha, mipangilio ikiwa ile ile kwa picha zote. Chenga ziondoe kabla ya kuongeza ukali, hasa kwenye mandharinyuma. Katika programu ya kuhariri ya Lightroom, shika kitufe cha Alt huku ukivuta kitelezi cha maski (Masking) kwenye sehemu ya ukali: palipo peupe ndipo ukali utakapopita, kwa hiyo vuta hadi mandharinyuma yawe meusi kabisa. Vitelezi vya uwazi (Clarity) na unamu (Texture) ukivizidisha, vinyweleo vya nyuki hugeuka waya mweupe. Kijani cha mbawakawa wa metali nacho hujaa haraka: angalia histogramu (grafu ya mwanga) ya kila rangi peke yake, maana chaneli ya kijani inaweza kuungua, yaani kupoteza maelezo kwa kung'aa mno, huku jumla ikionekana salama. Vumbi la sensa hujitokeza sana kwenye matundu madogo, basi pitia picha nzima kwa asilimia 100. Ukali wa mwisho unawekwa baada ya kupunguza picha hadi saizi utakayoiweka mtandaoni, kisha uihifadhi kwa mfumo wa rangi wa sRGB, la sivyo rangi zinaweza kupauka kwenye simu za watu.