Miamba myekundu ya Utah na Arizona ukiwa na familia: saa sita mchana si adui wa picha

Ndugu ameuliza: ana wiki moja tu Utah na kaskazini mwa Arizona, huko Marekani, yuko na mke, watoto wawili wadogo na mama mkwe, na anataka picha za maana bila garini kugeuka uwanja wa vita. Majibu mengi yanamwambia alfajiri na machweo basi. Mimi nakubali nusu.

Wekundu wa ile miamba ni kutu: chembe za mchanga zimevikwa oksidi ya chuma. Jua la utosini likiipiga moja kwa moja, rangi inapauka. Lakini ndani ya korongo jembamba, mwanga unagonga ukuta mmoja, unabeba rangi yake, kisha unatua kwenye ukuta wa pili ulio kivulini. Hapo ndipo miamba inapowaka, tena kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, muda ambao watoto wameshakula na bibi yao ameshapata chai yake. Kwa hiyo mchana ingieni kivulini, na maeneo ya wazi yaachieni jioni.

Hifadhi ya taifa ya Arches (yaani matao ya mwamba), karibu na mji wa Moab, kuna tao la Sand Dune Arch. Ni hatua chache kutoka maegesho, katikati ya kuta ndefu za mwamba, chini mchanga laini na kivuli. Wanangu walichimba mchanga mpaka wakachoka, mimi nimekaa chini napiga picha, na zile ndizo picha za familia ninazozipenda kuliko zote za safari ile. Hifadhi ya Zion nako kuna Riverside Walk, njia ya lami pembeni mwa mto, kama kilomita tatu na nusu kwenda na kurudi. Mama mkwe ataimudu.

Antelope Canyon, korongo jembamba karibu na mji wa Page, huingii bila kiongozi. Miale ya jua inayoshuka kutoka juu, sehemu iitwayo Upper, huonekana miezi ya joto karibu na saa sita mchana, lakini tripodi (vile vigoda vya miguu mitatu vya kamera) haziruhusiwi na watu ni wengi, kwa hiyo ongeza ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na uinue kamera juu ya vichwa. Kiongozi akisema tokeni, tokeni. Agosti 1997 mafuriko ya ghafla yaliua watu 11 katika korongo hilo, na mvua ilikuwa imenyesha mbali, si pale walipokuwa.

Delicate Arch, tao jingine la Arches, ni ya jioni kweli. Ni kama kilomita tano kwenda na kurudi, mwinuko wa mita 146, njia haina kivuli. Sisi tuligawana: mimi na mkubwa tukapanda, wengine wakaenda kuitazama kwa mbali kutoka kituo cha chini. Beba tochi ya kurudia. Ukitaka alfajiri moja tu, iwe tao la Mesa Arch, hifadhi ya Canyonlands, na uende peke yako. Jua likichomoza linapiga genge lililo chini, mwanga unarudi juu na tumbo la tao linakuwa jekundu kama kaa la moto. Nyuma yake ni shimo refu lisilo na uzio, na kuna msongamano wa tripodi gizani. Mtoto wa miaka minne hana kazi pale.

Kuhusu kamera: ile mizani ya rangi ya kiotomatiki inaona wekundu ni kasoro, inaupoza. Kwenye mizani hiyo chagua alama ya jua au ya wingu. Punguza mwanga kidogo, maana rangi nyekundu ndiyo huungua kwanza na ukutani unabaki na baka lisilo na mistari. Kwa simu, gusa sehemu yenye mwanga mwingi kisha vuta chini. Ndani ya korongo usiingize anga kwenye fremu. Upepo ukivuma usibadilishe lenzi. Na nguo! Fulana nyekundu inapotelea mwambani. Njano, nyeupe au bluu zinaonekana. Uwepo wa mtu ni muhimu kwa sababu bila yeye hakuna atakayeamini kwamba tao la Landscape Arch lina upana wa kama mita 90.

Mtakutana na udongo mweusi wenye vinundu. Ule una uhai, na unyayo mmoja unaweza kuchukua miaka mingi kupona. Pitieni njia, mwamba au mchanga wa mkondo mkavu. Binti yangu alijiteua polisi wa udongo, akawa anakemea hadi watu wazima wasiomjua. Maji ni lita nne kwa kila mtu kwa siku, bila mjadala.

Monument Valley, bonde la nguzo kubwa za mwamba, ni ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, si hifadhi ya taifa. Pasi yako ya mwaka ya hifadhi za taifa haifanyi kazi pale, droni ni marufuku, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Kutoka kituo cha wageni, nguzo zile tatu maarufu hupata jua usoni jioni.

Angalia pia saa: majira ya joto Wanavajo husogeza saa mbele, lakini sehemu kubwa ya Arizona haisogezi, na simu itarukaruka kati ya saa hizo mbili. Ukishalipia kiongozi wa Antelope, mpigie umuulize anafuata saa ipi.