Bwana afya, anza na beseni

Swali lenu la wiki hii, "Mama lishe asiye na cheti cha afya afungiwe papo hapo au apewe muda?", nimelisoma nikiwa na pini mdomoni, nikaona bora niache kushona kwanza. Mimi ni fundi cherehani, fremu yangu iko upande wa Mbuyuni hapa Moshi, na chakula changu cha mchana ni cha barabarani miaka yote. Mkisema afungiwe, mnanifungia na mimi.

Jibu nilikuwa nalo kabla sijamaliza kusoma: asifungiwe. Cheti kinasema nini? Kwamba siku ile alipopeleka choo maabara hakukutwa na homa ya matumbo wala minyoo. Ni kipimo cha kila miezi sita. Kesho yake akishika noti chafu halafu akakata kachumbari, cheti kipo tu, kimetulia. Wali uliolala kwenye sufuria nao hauna habari na cheti. Kuna bakteria wa kwenye mchele ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu muda mrefu wanaachia sumu ambayo hata uupashe moto asubuhi haitoki. Hayo hayaonekani kwenye choo cha mpishi.

Na wali wa mama lishe, wenye hoteli mnisamehe, haulali. Anapika saa nne, ikifika saa tisa vijana wanagombania ukoko. Jiko lake liko mbele ya macho yangu. La hoteli yenye vigae liko nyuma ya mlango ulioandikwa wateja hawaruhusiwi.

Lakini ngoja niwaeleze siku bwana afya alipomfikia mama lishe wetu. Siku hiyo kulikuwa na machalari, zile ndizi zilizopikwa na nyama, na kwa machalari yake watu huacha kazi. Sufuria inatokota jikoni, wali umefunikwa, maharage pembeni, sisi kwenye mabenchi chini ya turubai. Akaja kijana ana daftari, na wenzake wawili nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu chakula." Alidhani ni mteja.

"Asante mama. Naomba kuona vyeti vya afya."

Mama akajifuta mikono kwenye khanga, akavuta pochi, na kwa haraka zake akatoa daftari la madeni. Kijana akalipokea, akalifungua, akaanza kusoma. Jina langu lilikuwemo, na sikuwa peke yangu, maana benchi zima liliinamia sahani. Cheti chenyewe kilipatikana chini kabisa ya pochi, kimefungwa kwenye nailoni, muda wake umekwisha zamani. Binti wa kuosha vyombo hakuwa nacho kabisa. Kijana akaanza kuandika.

Hapo wateja tukageuka mawakili. Dereva mmoja wa bodaboda akasema, "Mangi, waache watu wale kwanza, sheria haishibishi." Mzee mmoja anayeuza mitumba, mtu asiyependa maneno mengi, akanyoosha kijiko kuelekea jikoni: "Kijana, hii nyama inachemka toka saa tatu. Mdudu gani anaishi humo?" Tukacheka, tukajua kesi imekwisha.

Kijana hakucheka. Alimjibu kwa heshima zote: "Nyama imechemka, mzee. Na hiyo sahani uliyoishika, nayo imechemka?"

Wote tukatazama beseni. Maji yake yalikuwa na rangi ya maharage, punje za wali zinaelea juu, povu limekufa siku nyingi. Binti anatumbukiza sahani, anaipitishia mkono, anaihamishia beseni la pili ambalo halikupishana sana na la kwanza, kisha anaifuta kwa kitambaa kile kile kinachofuta meza. Sahani ya mwenye kikohozi, ya mwenye tumbo la kuendesha na ya kwangu, zote zimeoga pamoja. Mzee hakujibu kitu. Aliitazama sahani yake, akamalizia kula. Sote tulimalizia.

Tuliokwisha kupakuliwa tuliruhusiwa. Kilichobaki mama akakatazwa kuuza. Akawaita vijana wa mikokoteni akawagawia bure, na kijana wa daftari akageukia barabarani kama anayetafuta gari.

Mama akakaa nje ya kazi siku kadhaa, yeye na binti wakaenda kupima, wakarudi na vyeti viwili vipya vinavyong'aa, vikatundikwa kwenye nguzo ya turubai. Chini ya nguzo, beseni lile lile. Hapo ndipo ninapochefukwa hata sasa ninapoandika. Aliyefungia aliliona beseni kwa macho yake, akalisema kwa kinywa chake mbele yetu, lakini kwenye karatasi akaandika cheti.

Na beseni lina sababu yake. Sisi wa Moshi tunajisifu mji msafi, tuzo za usafi za kitaifa tumeshazizoea, na maji tunayokunywa yanatoka chemchemi za mlimani. Ila pale kwenye turubai hakuna bomba. Mama ananunua maji kwa dumu, yanaletwa na mkokoteni, na kila dumu linakula faida ya sahani kadhaa. Ushuru analipa. Choo anaomba kwa wenye maduka. Sheria ya Afya ya Jamii ipo tangu 2009, na tangu 2019 usalama wa chakula umetoka TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ukaenda TBS, shirika la viwango, mabwana afya wa halmashauri nao bado wanapita mitaani. Wakaguzi tunao. Koki hatuna.

Yule mzee wa mitumba ndiye aliyemaliza kesi. Alianza kuja na sahani yake kutoka nyumbani, kwenye mfuko wa kitambaa, hasemi neno, anamkabidhi mama apakue. Haikuchukua muda mama akanunua ndoo ya koki na beseni la tatu. Ila wazee wa namna hiyo ni wachache. Sisi wengine tungeendelea kula hadi leo.

Kwa hiyo, niliyekuja kusema asifungiwe, naona niandikeni upande wa pili: afungiwe. Cheti kikiisha muda apewe mwezi akapime, isipokuwa kipindi cha kipindupindu, kama kile kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa mikoani. Hapo sibishani na mtu. Lakini kwa beseni lile afungiwe papo hapo, machalari yakiwa jikoni, na afunguliwe siku hiyo hiyo akileta maji ya kutiririka, sabuni, na maji ya moto ya kusuuzia. Anayemfungia amwonyeshe bomba liko wapi. Asipoweza, sitasema ametenda haki, ingawa bado nitasema afungiwe. Na akitoka hapo apite hoteli yenye vigae, asiishie mapokezi, aufungue ule mlango.