Wadogo zangu, pangeni pleti kabla hamjayeyusha chochote

Juzi nimemkuta mgeni wetu akipanga sampuli za ubongo wa marehemu kwenye pleti, zile bapa za plastiki zenye vishimo 96 vya kupimia: wagonjwa wote wa skizofrenia pleti ya kwanza, wazima wote ya pili. Nilimdaka mkono kama mtoto anayekimbilia sufuria ya moto. Kila mwaka narudia maneno haya haya, sasa nayaandika.

1. Msitafute mRNA (nakala ya jeni inayotumika kutengenezea protini) ya TH au SLC6A3, jeni za seli zinazotoa dopamini, kwenye kaudeti, eneo la ndani ya ubongo linalopokea dopamini hiyo, halafu mshangae kukuta chembe tu. Seli za dopamini ziko ubongo wa kati, na mRNA hubaki huko kwa wingi. Kinachosafiri hadi kaudeti ni protini.

2. RIN (alama ya ubora wa RNA) na pH ya kila sampuli, andikeni. Aliyeugua muda mrefu kabla ya kufa, ubongo wake huwa na asidi zaidi ya aliyefariki ghafla.

3. Pleti. Hapa mniache niseme. Mwaka wangu wa pili nilikabidhiwa vipande vya gamba la mbele. Nikatoa RNA ya wagonjwa wiki moja, ya wazima wiki iliyofuata, kila kundi na pleti yake. DRD2, jeni ya kipokezi cha dopamini kiitwacho D2, ikatoka imeshuka kwa wagonjwa, makundi mawili yamejitenga kabisa. Usiku ule nilimpigia mama simu. Siku ya kuwasilisha, fundi wetu wa maabara, dada mpole asiyezoea kusema mkutanoni, akauliza, "Zilipimwa siku moja?" Nikafungua jeni nyingine za pleti zile zile, zisizohusiana na dopamini hata kidogo. Karibu zote zilikuwa zimeshuka vile vile. Nilikuwa nimepima tofauti kati ya wiki ya kwanza na ya pili, si ugonjwa.

Nikakimbilia friza ya nyuzi -80 nirudie. Vichupa vilikuwa vitupu, vingine vimebaki na lebo tu: namba, umri, saa tangu kifo. Kila kipande kilitoka kwa marehemu ambaye ndugu zake waliombwa ruhusa msiba ukiwa bado mbichi, nao wakakubali. Hilo bado linaniuma.

4. Dawa. Wengi wa marehemu hao walimeza dawa miaka mingi, na panya akipewa haloperidoli, mojawapo ya dawa hizo, kwa wiki kadhaa, vipokezi vya D2 huongezeka kwenye striatamu yake, eneo ambalo kaudeti ni sehemu yake. Kwa hiyo ukiona tofauti, uliza kwanza: ni ugonjwa au ni kidonge? Ndiyo maana napenda kazi zinazoanzia kwenye urithi, kwani herufi za DNA mtu huzaliwa nazo kabla ya kidonge chochote. DRD2 imo katika yale maeneo 108 ya DNA yaliyohusishwa na skizofrenia mwaka 2014. Mwaka 2022 kaudeti za watu zaidi ya 400 zikaonyesha kwamba hatari ya kurithi inaambatana na kupungua kwa umbo fupi la D2, maana jeni hiyo moja hutoa umbo fupi na refu. Ukipima DRD2 nzima bila kutenganisha umbo fupi na refu, hilo litakupita.

Mgeni wetu nilikaa naye hadi saa mbili usiku, tukapiga kura sampuli ipi ikae wapi, kishimo kwa kishimo, vyote 96, wagonjwa na wazima wakichanganyika. Kishimo cha kwanza, A1, kikamwangukia mama wa miaka 34, saa 22 tangu kifo. Kijana aliisoma lebo ile mara mbili, kisha ndipo akachukua pipeti.