Mapambo ya katikati ya meza: anzia ziwani

Hongera sana, dada. Umeuliza utapata wapi mawazo ya kupamba meza za wageni ukumbini, maana picha za mtandaoni zote zinafanana. Weka simu pembeni kwanza. Usiku usio na mwezi panda kilima cha Capri Point hapa Mwanza uangalie Ziwa Victoria: taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini kama mji mwingine. Wazo la harusi ya mdogo wangu nililitoa hapo. Kila meza tuliweka chemli ndogo moja juu ya kioo cha duara, tukaizungushia kokoto tulizozisugua kwa brashi mpaka zikang'aa. Mwanza ni mji wa mawe, wageni walielewa bila kuambiwa. Maua yalikuwa mawaridi meupe matatu tu, kwenye glasi fupi.

Chemli zina faida nyingine. Kama ukumbi wako uko wazi upande wa ziwa, upepo utazima mshumaa usio na kioo kabla hata maharusi hawajaingia.

Kimo nacho kiangalie. Kaa kwenye kiti, simamisha kiwiko mezani. Pambo lisipite ncha za vidole, au liwe jembamba na refu lipite vichwa. Wageni lazima waonane.

Ukitaka mawazo zaidi, ukipata nafasi fika makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa. Gugu maji la ziwani usipambie meza, ua lake la zambarau linavutia lakini likichumwa linanyauka upesi mno.

Meza zako ni ngapi, na ni za duara? Niambie tupige hesabu ya chemli.