Banjo ni ya Waafrika tangu mwanzo
Ndugu, uliuliza kama banjo, ile ala ya muziki ya nyuzi, ilianzia kwa Wazungu wa Marekani. Hapana, haikuanzia kwao. Waliiunda Waafrika waliopelekwa utumwani Karibea na Marekani, wakifuata ala za kwao Afrika Magharibi. Itazame akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia: kibuyu kilichowambwa ngozi ya mbuzi, nyuzi tatu, mmoja mfupi unaopigwa kwa kidole gumba. Ukucha hupiga kwenda chini, vilevile kama wapigaji wa zamani wa banjo.

Aprili 2005 wanamuziki na watafiti walikusanyika Boone, North Carolina, kuienzi asili hiyo. Ndipo walipokutana vijana walioanzisha bendi ya Carolina Chocolate Drops, wakaenda kujifunza kwa mzee Joe Thompson, mpiga fidla. Wasikilize, tafadhali!